Mkimya wa Bwawa la Mawimbi

"Mshike kiunoni, si shingoni," shangazi alimwambia fundi wa mashine. "Na usimtupe. Mtumbukize taratibu, pale kwenye ngazi, watu wasione."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akamviringisha Mkimya kwenye taulo. Miguu ilibaki nje, inaning'inia.

Mkimya alikuwa mwanasesere wa mpira, mzito kama mtoto wa darasa la kwanza, na waokoaji wote wa pale walimwogopa kuliko meneja. Ukimwona chini ya maji ukamtoa upesi, unabaki na kazi. Usipomwona, shauri yako.

Mtoto wa marehemu kaka yake shangazi alikuwa ameshamkosa mara mbili. Leo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kijana hakuwa mvivu, ila akishtuka hupoteana, mikono huku, miguu kule. Na mshahara wake ndio uliowalisha mama yake na wadogo zake. Shangazi ndiye aliyekuwa mkuu wa waokoaji, mwanamke ambaye hakuwahi kupindisha sheria hata kwa dawa. Asubuhi hiyo aliipindisha. Damu nzito kuliko maji.

"Kengele ya mawimbi ikishalia," alimnong'oneza kijana, "tazama kwenye ngazi ya bwawa. Utakachokiona chini ni Mkimya. Ukibabaika ndiyo unaharibu. Vua kofia, piga filimbi, ndipo uruke."

"Nimekuelewa, shangazi. Leo utanipenda."

Sasa shangazi alisimama ukingoni mwa bwawa na meneja, aliyekuwa akiwatembeza walimu wawili. Walitaka kuleta shule nzima.

"Hapa palikuwa machimbo ya kokoto," meneja alisema. "Mvua ilijaza shimo, watoto wakaligeuza kidimbwi chao. Marehemu baba akaona riziki hiyo, akaweka ubao wa kutelezea na mlinzi wa getini. Leo tuna Chatu, lile bomba linaloteremka kutoka ghorofa ya tano. Tuna mto wa kuelea. Na hili bwawa, ndilo watu huja kwa ajili yake."

"Na usalama?" mwalimu wa kike aliuliza.

Meneja alishusha sauti. "Zamani tulimpoteza mtoto, hapa hapa, watu wamejaa wanacheka. Anayezama hapigi kelele, mwalimu. Tangu hapo tukamnunua Mkimya, na hatujapoteza mwingine."

Kengele ililia. Mashine ya mawimbi ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena. Watu walipiga miluzi ya kuchoka kusubiri. Mwishowe mawimbi yalikuja na bwawa zima likashangilia. Mama mmoja aliwapita akiwa na vikombe viwili vya juisi, akiangaza huku na huku. Shangazi alimpisha bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwa kijana wake.

Kijana aliinama kwenye kiti chake cha juu, akatazama majini, penye ngazi ya bwawa. Alikuwa ameona.

Hakubabaika hata kidogo. Alivua kofia, akaining'iniza kwenye msumari. Akapiga filimbi. Akamtafuta shangazi yake kati ya watu, akamkonyeza, akateremka ngazi za kiti kama mtu anayekwenda kunawa.

"Msiogope, hilo ni jaribio," meneja aliwaambia walimu. "Mnaona alivyotulia?"

Kijana aliruka. Walimu walipiga makofi, na shangazi akapiga nao, machozi yakimlenga. Kaka yake angekuwepo, angejivunia.

Mtu alimgusa kiwiko.

"Mama, niwie radhi," alinong'ona fundi, mikono imejaa grisi, taulo kavu kwapani na miguu ya mpira ikining'inia. "Mashine ilinishika. Huyu nikamtumbukize sasa?"