Kanga ya Nane

Nesi Mwanakombo alikuwa ameshajifunga kanga aende zake nyumbani, majirani walipomleta Shemdoe zahanati, wamembeba juu ya ubao wa mlango. Ukuta wa mawe ulikuwa umemwangukia na kumvunja nyonga. Nambua, mkewe, alikuwa amemkazia mtandio tumboni, kama mkaja wa mzazi.

"Unamfungua?" Nambua akamaka.

"Namshushia, mama. Damu inavujia ndani, huku chini."

Mtandio haukutosha kuzunguka nyonga. Mwanakombo akavua kanga yake, akaipitisha chini ya makalio ya mgonjwa, wakaivuta, huyu huku na huyu kule, mpaka mifupa ikabanana. Akapiga fundo.

"Asiifungue mtu njiani."

"Nitakurudishia, nesi. Mimi mwenyewe."

Kanga saba za Mwanakombo zilishakwenda hospitali kubwa namna hiyo, na kila moja iliahidiwa kurudi. Hazikurudi, wala habari za waliofungwa nazo hazikurudi.

Gari la wagonjwa likaja, likampakia Shemdoe, likaondoka. Siku hizi huwa hasubiri kuliangalia. Lakini ncha ya kanga ilikuwa imebanwa mlangoni, ikawa inapepea nje, naye akasimama akiitazama mpaka ikapotea kwenye kona.