Fundi wa Jana

Mzee Spana aliingiza vidole viwili ndani ya tangi la oili, akatoa kichungi cha sigara kilicholowa. Alikinyanyua kama mtu aliyeshika mkia wa panya aliyeoza.

"Dada, njoo uone! Mtu mzima, mwenye akili zake, anatupa sigara humu?"

"Pole, mzee." Mwanamke mwenye ovaroli, msaidizi wake, alikuwa tayari ameshika kopo la taka.

"Nani alifanya kazi hii?"

"Fundi wa jana."

"Fundi! Usilitukane jina hilo."

Gari la mashindano lilikuwa juu ya stendi katikati ya gereji, halina magurudumu. Kazi yenyewe ilikuwa kufunga sampo kavu. Katika injini ya kawaida oili hulala kwenye sampo, bakuli lililo chini ya injini. Hapa ingekaa kwenye tangi la pembeni, na pampu ingeinyonya kutoka chini na kuisukuma tena ndani bila kukoma.

"Kwenye ile kona ndefu oili yote inakimbilia upande mmoja," Mzee Spana alisema. "Injini inabaki kavu, inakwama ghafla, gari linakwenda kugonga ukuta. Na ndani yumo kijana wangu."

Kijana wake ndiye aliyekuwa dereva. Mashindano yalikuwa Jumamosi.

Mzee alilala chali chini ya gari. Silikoni ilikuwa imefurika kwenye kingo za sampo kama kamasi, tena imenasa nywele. Alizing'oa moja moja huku amekunja pua. Bolti za pampu zilikuwa zimelegea, vichwa vyake vimeng'aa kwa kufunguliwa na kufungwa. Mkanda wa pampu ulikaa upande.

"Amelipua kazi, huyu. Ananitia kichefuchefu. Ningempata, ningemlisha silikoni hii kwa kijiko."

"Kijiko cha chai, mzee?"

"Cha chai? Upawa!"

Wakacheka wote wawili. Asubuhi hiyo vifungo vya shati vilikuwa vimemshinda mzee. Hapa, akiwa na spana mkononi, vidole vyake havikutetemeka hata kidogo.

Kisha akaiona mipira ya oili. Ule wa kunyonya ulikuwa umefungwa mahali pa ule wa kusukuma.

Alitoka chini ya gari, akatema mate kwenye vumbi, uso umemkunjamana.

"Huu si uzembe tena. Huu ni uuaji! Mpira wa kunyonya una utepe mwekundu, hata wewe ulipokuwa mdogo ulijua. Niletee spana ya kumi na saba, mwanangu."

Spana ilikuwa mkononi mwa yule mwanamke, lakini alichelewa kidogo kumpa.

Saa saba mwanamume mwenye mvi alileta chakula. Alichechemea, mguu wake wa kushoto haukukunjika. Sigara ilikuwa mdomoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zima hiyo! Au wewe ndiye mwenzake yule mchafu?"

"Nisamehe, mzee." Aliizima kwenye soli ya kiatu, akakitia kichungi mfukoni.

Mzee alimkaribisha, wakala pamoja. "Kijana wangu anakimbia Jumamosi," alimwambia. "Ana miaka ishirini na miwili tu. Umewahi kumwona akiendesha?"

"Nimewahi," mwanamume alijibu, macho kwenye sahani. "Haogopi kona."

"Hata moja! Ndiyo maana namwogopea mimi."

Kufikia saa tisa kila kitu kilikuwa mahali pake. Mipira ilikuwa imebadilishwa, mkanda umenyooka, bolti zimekazwa, na silikoni imekwanguliwa na kupakwa upya kwa mstari mwembamba kama uzi. Tangi lilikuwa limesuguliwa hadi mtu angeweza kunywea maji. Mzee Spana alifuta mikono, akaipapasa injini kama mtu anayemtuliza farasi.

"Kesho tunawasha. Na yule mchafu asikanyage tena humu. Umenisikia, dada?"

"Nimekusikia, mzee."

Mwanamke alimshika mkono mzee hadi chumbani kwake nyuma ya gereji, akamvua viatu, akaketi kando ya kitanda mpaka aliposikia mkoromo.

Aliporudi gereji, mwanamume mwenye mvi alikuwa amelala chini ya gari, ule mguu usiokunjika tangu ile kona ndefu umetokeza nje. Alikuwa akilegeza bolti za pampu.

"Amelala?"

"Amelala."

Mwanamke alivua kilemba, akapitisha kitana kichwani, akazichukua nywele zilizonasa na kuzichanganya kwenye silikoni mbichi. Mwanamume alitoa kichungi mfukoni, akakidondosha ndani ya tangi.

"Kesho tumwekee nini kingine?"

"Mipira tena, kaka. Leo alipoiona, baba aliniita mwanangu."