Kichupa Namba Kumi na Saba

Kichupa namba kumi na saba kilitoa jibu lile lile kwa mara ya nne, na mchambuzi wa maabara akaliandika tena daftarini.

Vichupa vingine thelathini na tisa vilikuwa na adabu zao. Kila kimoja kilibeba unga wa maganda ya viumbe wa baharini, yaliyobanduliwa kwenye mwamba, yakasagwa, yakayeyushwa kwa asidi. Mashine iliuonja ule unga, ikasema bahari ya zama hizo ilikuwa na joto kiasi gani na uchachu kiasi gani. Trei ya leo ilitoka tabaka la enzi tulivu: maji ya wastani, maganda manene, viumbe wanakula wanashiba.

Namba kumi na saba ilikuja na habari yake. Joto juu, uchachu juu. Jibu la namna hiyo alikuwa ameliona mahali pamoja tu, kwenye unene wa vidole viwili vya mwamba chini ya tope jeusi. Ndani ya tope lenyewe hamna ganda hata la dawa. Viumbe walikwisha wote.

Na trei iliyotoka karibu na tope jeusi ndiyo aliyoipima jana, kwa vichupa hivi hivi.

"Nimekichafua," alijiambia.

Hofu yake haikuwa ya bure. Mkuu wa maabara walimwita Msumeno, kwa kuwa alikata mawe na watu bila kubagua. Katika kila trei alichomeka kichupa kimoja cha mtego, chenye unga ambao jibu lake alikwisha kulijua. Namba ya mtego aliiandika kwenye karatasi, akaifunga ndani ya bahasha. Mchambuzi aliyetangulia alinaswa mwezi wake wa tatu, na unga wake ukamwagika siku hiyo hiyo. Huyu wa sasa leo alikuwa anamaliza miezi sita ya majaribio. Jioni ataajiriwa au atafungasha virago, na nyumbani ana binti wa miaka minane asiye na mwingine wa kumtegemea.

Simu ikaita. Ni binti mwenyewe.

"Mama, kopo langu la biskuti silioni. Nataka kutunga mkufu."

"Si ulilileta huku maabara juzi, shule ilipofungwa? Labda ulilisahau. Nitalitafuta, sasa nina kazi."

"Na Jumapili hii tunakwenda tena kuogelea baharini?"

"Tutakwenda."

"Kweli?"

"Mama akisema amesema."

Alikata simu akaikodolea macho skrini. Kufuta tarakimu mbili na kuandika nyingine zinazofanana na za jirani zake ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kama namba kumi na saba si mtego, nani atajua? Lakini kama ndiyo mtego, amekwisha. Na akiiacha ilivyo, pia amekwisha. Alikaa pale kidole kikielea juu ya kitufe, jasho likimchuruzika mgongoni, hata akajionea huruma.

Mwisho akaona njia ya mwongo ni fupi, na yeye hakuwa na miguu ya kukimbia. Liwalo na liwe. Akachapa majibu yote kama yalivyo, akabisha mlango wa Msumeno.

Msumeno aliyasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kwenye kumi na saba kidole kikasimama.

"Hii?"

"Nimeirudia mara nne, Mzee. Nadhani kichupa nilikichafua kwa unga wa jana. Kosa ni langu."

"Ulivisuuza mara ngapi?"

"Tatu, kama ulivyonifundisha. Nimetia alama kwenye daftari."

"Basi hukukichafua."

Alichana bahasha, akamsogezea karatasi. Ilikuwa na namba moja: 17.

Akajikalia kabla ya kukaribishwa. Alikuwa amefika na jibu la mtego hilo hilo, tarakimu kwa tarakimu.

"Kazi ni yako," alisema Msumeno. "Barua utaichukua kesho."

"Ahsante, Mzee. Sijui nikushukuruje. Nilikuwa nimekwisha kufungasha moyoni."

Alitaka kucheka, lakini Msumeno hakuwa akimtazama. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, akaivua tena.

"Unga huo niliupima mwenyewe mara mbili kabla sijautega," alisema. "Nikadhani uzee umenipofusha. Mchana kutwa nimekaa hapa nikimwomba Mungu wewe uje na jibu jingine. Nisingekufukuza. Ningekupandisha cheo."

Mchambuzi alikumbuka lile tope jeusi, jinsi alivyolipekua wiki nzima kwa darubini akitafuta ganda moja tu.

"Ni la enzi gani jiwe lenyewe, Mzee?"

Msumeno aliinama. Alivuta droo ya chini, akatoa kitu akakiweka juu ya meza taratibu.

"Utaniombea radhi kwa mwenyewe," alisema. "Nilichukua bila kumwuliza."

Lilikuwa kopo la biskuti. Ndani yalibaki maganda matatu, membamba hata mwanga wa dirisha ulipenya. Na kwenye mfuniko, kwa kalamu ya rangi na herufi zilizokwenda upande, paliandikwa: USIGUSE. KOMBE ZANGU ZA JUMAPILI TULIPOOGELEA.