Mikuki Mlangoni kwa Pimbi

Wanyama walipokuwa bado wakitembeleana, mgeni alichomeka mkuki wake nje ndipo akapiga hodi. Nungunungu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu, maana mikuki yake ilimwota mgongoni.

"Ukiiacha nje, jirani, tutakula pamoja," Pimbi alimwambia kila mara, mlango nusu wazi.

Siku moja upweke ulimzidi Nungunungu. Akaing'oa yote, mmoja mmoja, huku machozi yakimtoka, akaichomeka mbele ya nyumba ya Pimbi.

Pimbi akachungulia dirishani. "Leo limekuja jeshi zima," akanong'ona, akatorokea mlango wa nyuma.

Nungunungu akapiga hodi, asiitikiwe. Akaingia, mgongo mtupu, akakuta chungu bado cha moto. Akapakua sahani mbili, akangoja.