Kola za Maelewano

Kwa ajili ya amani ya taifa, kila raia huvaa kola shingoni. Ukitaka kuzungumza na mtu wa kabila jingine unanong'ona, kisha kola inatamka kile ambacho kabila lako linatarajiwa kusema. Mimi ni Mzaramo. Luhende, jirani yangu wa kitanda bwenini, ni Msukuma. Kola zinajua kwamba sisi ni watani, kwa hiyo hata nikimwomba dawa ya meno, inatoka kejeli. Nimecheka muhula mzima, kwa heshima na taadhima.

Leo Luhende amefiwa na mama yake.

Nilinong'ona, "Pole, ndugu yangu. Nipo hapa."

Kola ikasema, "Msukuma wewe, sasa nani atakusongea ugali wa sinia zima?"

Machozi yakamtiririka. Akanong'ona maneno mengi. Kola yake ikacheka: "Nyamaza, Mzaramo mvivu, kazi yako ngoma tu!"

Nikazivua kola zote mbili, kosa la kufukuzwa shule, nikafungua mdomo wangu mwenyewe.

"Msukuma wewe," nikasema, "sasa nani..."

Nilitafuta neno jingine, sikulipata. Luhende akaiokota kola yangu, akanivalisha taratibu.