Kisima Kilichogoma Kupona

Mtaalamu alivuta kichupa kutoka kisimani, akakiinua juani, akakinusa. Mama Pacha, mwenye kisima, alijikuta ameshika kifua.

"Bado," mtaalamu alisema. "Mafuta yapo."

Wanawake waliopanga ndoo uani wakashusha pumzi.

Tangu bomba la bohari ya mafuta lipasuke, kampuni ilikuwa imejitahidi kweli. Udongo ulichimbwa ukabebwa. Mashine ilishinda ikinyonya maji ya ardhini, ikiyachuja na kuyarudisha. Na kila asubuhi, kwa amri ya serikali, gari lilileta maji safi ya bure, mpaka kisima kitakapopona. Visima vya mtaa wa pili vilipona mapema, gari likaacha kusimama huko. Cha Mama Pacha kiligoma.

"Hiki kinaninyima usingizi," mtaalamu alisema. "Nikija, mafuta yanakaribia kwisha. Nikirudi, yamepanda. Yanatoka wapi?"

"Labda ardhi ina kinyongo, mjukuu wangu," bibi mmoja akachangia.

"Wewe nitanie tu, bibi. Bosi anaona sijui kazi."

Mama Pacha aliwatazama wanawe wakigombea kopo la maji, mashavu yamewajaa. Kabla bomba halijapasuka walikuwa wateja wa kudumu wa zahanati, wakiharishwa na maji ya kisima hiki hiki. Mtaa uliandika barua mpaka ukachoka, hakuna aliyejibu. Mafuta yalipomwagika, wakubwa walifika kabla ya harufu.

"Usijilaumu, kaka," alimwambia kwa upole. "Jitihada zako tunaziona."

Mtaalamu akafunga sanduku lake, macho yamemlowa. "Siwaachi, dada. Nitahangaika na nyinyi mpaka mnywe maji yenu wenyewe."

"Mungu akupe maisha marefu," wanawake wakaitikia, wakamsindikiza hadi garini.

Vumbi lilipotulia, Mama Pacha akamvuta jirani yake pembeni.

"Shoga, mwezi ujao zamu yenu tena. Mwambie mumeo dizeli inatiwa kwa kijiko. Safari ile alimimina kikombe kizima, nusura watuhamishe mtaa."