Kiti Kilichobonyea

Baada ya miezi mitano ya kupiga msasa na kupaka rangi uani, Sinani alimwita mama yake, asiyeona, aje kuishika baiskeli ya mbio ya marehemu baba.

Bi Mashavu akapapasa usukani, akashuka taratibu hadi kwenye mnyororo.

"Nzuri, mwanangu. Ya nani?"

Sinani akanywea. Kilichobaki kubadilishwa ni kiti tu, na kipya alikuwa nacho mkononi.

Mkono wa mama ukafika kwenye kiti cha zamani cha ngozi, kilichobonyea upande wa kushoto, alikokuwa akielemea mumewe kwa ule mguu wake mfupi. Ukatulia hapo.

"Kumbe karudi," akasema. "Mbona hukuniambia?"

Sinani akakirudisha kiti kipya kwenye boksi, polepole, karatasi isitoe sauti.